Barua ya wazi kwa mdogo wangu: supachaja na tabo kwenye injini moja, kwa mlima wa mita 914

Mdogo wangu mpendwa,

Nisalimie wote hapo Tanga, na mwambie mama nimepata mzigo wake salama. Ulipopiga simu uliniuliza mambo mawili ambayo sikuyajibu inavyostahili: kwa nini injini ndogo ya gari langu la mashindano ya kupanda mlima nimeifungia supachaja na tabo kwa pamoja, yaani vipuliza viwili vinavyosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na kama mpango huo unaweza kulisaidia lile Fuso la mteja wako linalochoka kwenye mlima wa Mombo kwenda Lushoto. Nimeamua kukujibu hadharani kwa kuwa mafundi kadhaa wa huko wamekuwa wakiniuliza swali hilohilo la kwanza, na jibu lake halielezeki kwa sentensi mbili za simu.

Nianze na mlima wenyewe, maana kila kitu ndani ya gari hili kimeamuliwa na mlima. Mlima huo, Shelsley Walsh, upo mashambani katika mkoa wa Worcestershire huku Uingereza, na mashindano yake ya kwanza ya kupanda kwa magari yalifanyika tarehe 12 Agosti 1905. Njia ina urefu wa yadi 1,000, yaani mita 914, na katika umbali huo mfupi gari hupanda takriban mita 100 kwenye lami nyembamba yenye kingo za udongo na miti pembeni. Magari ya daraja la juu, yale yaliyoundwa kwa kazi hii tu, huimaliza chini ya sekunde 25, na gari la kawaida lililoimarishwa kama langu huhitaji kama nusu dakika. Kila dereva hupanda peke yake akishindana na saa. Gari husimama juu ya mwinuko, msimamizi huweka kabari nyuma ya tairi ili lisirudi nyuma, na taa ya kijani ikiwaka dereva huondoka pale anapokuwa tayari, kwa sababu saa haianzi kuhesabu hadi gari lenyewe likate mwali wa mwanga. Futi 64 za kwanza, ambazo ni chini kidogo ya mita 20, hupimwa muda wake peke yake. Mimi huutazama muda huo kabla ya muda wa jumla, kwa kuwa gari lililochelewa katika mita 20 za mwanzo halipewi nafasi ya kufidia katika safari ya nusu dakika.

Hapo ndipo tabo peke yake inapokuangusha. Wewe unazifungua tabo kila wiki, kwa hiyo sina haja ya kukueleza kwamba huzungushwa na moshi wa ekzosi na kwamba bila moshi wa kutosha hakuna presha. Tabo kubwa inayotoa nguvu nyingi kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika huwa imelala kwenye mizunguko 3,000, na dereva akitoka kwenye kona ya taratibu huikanyaga pedali, husubiri, kisha nguvu humjia kwa mkupuo wakati tairi bado zimekatwa. Supachaja haina tatizo hilo, kwa sababu huendeshwa na mkanda kutoka kwenye kranki, shafti kuu ya injini, na hutoa presha mara tu injini inapozunguka, lakini gharama yake ni nguvu inayoichukua kutoka kwenye kranki hiyohiyo, na kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo inavyodai zaidi. Kuziunganisha maana yake ni kuitumia supachaja chini na tabo juu. Wazo ni jepesi, na kila fundi hulielewa mara moja. Ugumu wote uko kwenye makabidhiano, na hayo ndiyo nataka uyaelewe vizuri.

Si mimi niliyebuni. Lancia Delta S4 ya mwaka 1985, gari la mbio za rali, ilikuwa na injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 1,759, ikiwa na supachaja ya mkanda pamoja na tabo. Hata ujazo huo ulitokana na hesabu: kanuni za wakati ule zilizidisha ujazo wa injini zenye kupulizwa kwa 1.4, na 1,759 ukiizidisha hivyo unapata chini kidogo ya 2,500, daraja lililoruhusu gari jepesi zaidi. Mwaka 1985 Henri Toivonen alishinda nalo mbio za RAC nchini Uingereza, zikiwa mbio za kwanza za gari hilo katika ubingwa wa dunia. Tarehe 2 Mei 1986 yeye na msoma ramani wake Sergio Cresto walifariki katika mbio za Corsica baada ya gari hilo kuacha barabara na kuteketea kwa moto, na daraja lote la magari hayo likafutwa kuanzia msimu uliofuata. Nakukumbusha habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishughulikie keji ya vyuma inayomkinga dereva, tangi la mafuta na mfumo wa kuzima moto kabla sijagusa mpira hata mmoja wa hewa. Baadaye Nissan waliuza March ndogo ya sentimita za ujazo 930 yenye mpangilio kama huo na nguvu farasi 110, na mwaka 2005 Volkswagen wakauleta kwenye Golf ya lita 1.4 yenye nguvu farasi 170. Hiyo Golf nimeisoma kwa makini kuliko gari lolote la mashindano, kwa sababu wahandisi wake walitakiwa kuyafanya makabidhiano hayo yasijulikane kwa abiria.

Injini yangu unaijua kuliko Waingereza wengi wanaokuja kuichungulia. Ni 4A-GZE, ya ukoo uleule wa 4A za Corolla, sentimita za ujazo 1,587, iliyofungwa katikati ya gari nyuma ya kiti kwenye Toyota MR2 iliyoagizwa kutoka Japani kama zinavyoagizwa gari zetu za nyumbani. Nilichagua hii kwa sababu Toyota wenyewe waliifunga supachaja, wakaipa pistoni imara na uwiano mdogo wa mgandamizo, na wakaweka klachi ya sumaku kwenye puli ya supachaja hiyo, kama ile ya kompresa ya AC. Klachi hiyo ni zawadi kubwa kwa mtu anayetengeneza gari nyumbani, kwani inakuwezesha kuipumzisha supachaja kwa waya mmoja wa umeme wakati tabo imeshika kazi.

Swali la kwanza la muundo lilikuwa hewa ipite wapi kwanza. Baadhi ya watu hutanguliza tabo, halafu hewa iliyokwisha kubanwa huingia kwenye supachaja. Mimi nilikataa njia hiyo. Ndani ya supachaja kuna rota mbili zinazozunguka zikiwa zimekaribiana sana bila kugusana, na hewa ya moto kutoka kwenye tabo huzifanya zitanuke hadi zikaanza kukwaruzana. Nimeiweka supachaja mwanzoni, kama walivyofanya Volkswagen, ili ipokee hewa ya nje iliyo baridi na kuisukuma kuingia kwenye tabo, kisha hewa iende kwenye kipoza hewa (intakula, kinachoipoza hewa iliyobanwa) na mwisho injini.

Sasa fuatilia hapa. Supachaja hii hupitisha kama lita 1.2 za hewa kwa kila mzunguko wake, na injini ya lita 1.6 humeza takriban lita 0.8 kwa kila mzunguko wa kranki, kwa hiyo chini supachaja huleta hewa nyingi kuliko inayoliwa na presha hujengeka. Mizunguko ikipanda na tabo ikiamka, tabo huanza kuivuta hewa kwa kasi kuliko supachaja inavyoweza kuileta, na kuanzia hapo supachaja inageuka kizuizi kwenye koo la injini. Lazima pawe na njia ya pembeni inayoruhusu hewa iende moja kwa moja kwenye tabo. Ukiifungua njia hiyo mapema, presha uliyoijenga hukimbilia nje na gari hujikwaa katikati ya kona. Ukiifungua kwa kuchelewa, injini hukabwa. Ni kama wapishi wawili wanaopokezana sufuria ya moto: anayetoa asiachie kabla mwenzake hajashika.

Wengi hufungua njia hiyo kwa mota na kompyuta, wakikisia mizunguko inayofaa. Mimi niliweka kipimo cha presha kwenye bomba lililo kati ya supachaja na tabo, nikawa naisoma kumbukumbu yake kila baada ya kupanda. Presha hapo huanza juu, hushuka kadiri tabo inavyoamka, na hufika mahali ikalingana na ya nje. Nukta hiyo ndiyo ya makabidhiano, kwa sababu pande zote mbili za mlango zina presha sawa na kuufungua hakubadilishi chochote ghafla. Kwa hiyo mlango hauhitaji akili ya kompyuta hata kidogo. Nimekereza kibao chembamba cha alumini chenye bawaba na springi dhaifu, kinachofungwa na presha ya ndani na kufunguliwa na mvuto wa tabo. Kina upana usiozidi kiganja cha mtoto, na ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote ndani ya gari hili. Kompyuta ya injini huachia klachi ya supachaja baada tu ya kibao kufunguka, na hairuhusiwi kuirudisha mizunguko ikiwa juu ya 4,000, kwa kuwa kuishika klachi ya sumaku kwa kasi kubwa ni kuichoma.

Jambo la pili lenye uzito ni joto. Presha za vipuliza viwili vinavyofuatana hazijumlishwi, bali huzidishana: cha kwanza kikizidisha mara 1.5 na cha pili mara 1.6, hewa inakuwa imebanwa mara 2.4. Hewa ya nyuzi 20 ikibanwa kiasi hicho na vipuliza vyenye ufanisi wa asilimia 70 hutoka ikiwa na karibu nyuzi 140, na ukiiingiza hivyo ndani ya silinda petroli italipuka kabla ya wakati wake, injini itagonga, na pistoni itatoboka. Kwenye gari la barabarani ungeweka kipoza hewa kikubwa mbele, lakini injini yangu iko nyuma na mabomba marefu hadi mbele yangechelewesha presha ileile niliyoihangaikia. Hapa ufupi wa mlima unasaidia. Injini ya nguvu farasi 300 hupitisha kama kilo 0.22 za hewa kwa sekunde. Kuishusha hewa hiyo kutoka nyuzi 140 hadi 40 kwa nusu dakika kunahitaji kuondoa takriban kilojuli 660, na kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza kilojuli 334. Maana yake ni kwamba kilo mbili za barafu, ndani ya tangi dogo la maji lenye pampu, zinabeba karibu joto lote la safari moja. Hakuna haja ya kulitoa joto hilo nje ukiwa unapanda. Inatosha kulihifadhi hadi ufike juu, ukirudi chini umwage maji na kujaza barafu nyingine. Kila ninapoifanya hesabu hii hufurahi, kwa kuwa inaonyesha jinsi mlima unavyokuruhusu kufanya jambo ambalo barabara kuu isingelikubali.

Mengine ni kazi ya kawaida ya ufundi, nayo unaiweza bila maelezo yangu: gasketi ya chuma ya silinda hedi, noseli kubwa zaidi, taimingi iliyorudishwa nyuma pale vyote viwili vinapofanya kazi pamoja, na difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Nguvu ya juu kabisa ya injini sijaitafuta, na watu wakiniuliza ni farasi wangapi huwaonyesha mchoro wa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, kuanzia mizunguko 2,500, kwa sababu mstari ulionyooka hapo ndio unaopunguza muda wa futi 64 na ndio unaoliondoa gari kwenye kona mbili za juu bila kumshtua dereva.

Nije kwenye Fuso la mteja wako. Usilifungie supachaja, hata kama atakulipa. Kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, si suala la nusu dakika. Ni dizeli yenye mzigo, pedali chini kwa muda mrefu, na moshi wa ekzosi wa kutosha kuizungusha tabo safari nzima. Supachaja hapo ingekula nguvu na mikanda bila kuleta faida, na joto lake lisingekuwa na pa kwenda. Lori lililokuwa likipanda vizuri na sasa halipandi, huku likitoa moshi mweusi, linakosa hewa. Toa kichujio cha hewa ukitazame kwenye mwanga. Ziba njia ya kuingilia hewa kwenye tabo, tia upepo wa kompresa kidogo tu kwenye mabomba, upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kwenye kipoza hewa chenyewe, uone panapotoa mapovu. Kisha shika shafti ya tabo kwa vidole: mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, lakini ikisogea mbele na nyuma, au mabawa yakiwa yamekwaruza nyumba yake, beringi zimekwisha. Ukikuta hivyo, nipigie picha ya kibati cha namba kilicho kwenye tabo pamoja na mabawa yenyewe, nami nitakutafutia katriji yake, yaani sehemu ya kati yenye shafti na beringi, huku na kuituma na mzigo ujao.

Wako, kaka yako.