Jumamosi saa kumi, pahali asipopachagua mtu

Dada yangu mpenzi,

Salamu aleikum. Mimi mzima, alhamdulillahi, baridi imeanza kulegea na kazi inakwenda. Pesa za dawa ya macho ya mama nimezituma Alhamisi, ukizipata nambie.

Barua hii msomee mama polepole, maana najua ni ile picha ndiyo iliyozua maneno. Kwamba mwanawe amesimama matopeni shambani kwa watu, pamoja na Wazungu na Mturuki mmoja, wote wanacheka, na hapo hapana harusi wala chakula. Na nimesikia ammi keshatoa hukumu barazani kwamba huenda ni dini mpya. Si dini, dada, wala si zile biashara za kuuziana sabuni. Ni mchezo, unaitwa jiohashingi, na nitaueleza wote ili baraza nalo lipate cha kuzungumza.

Dunia imechorwa mistari ya latitudo na longitudo, hiyo tulifunzwa shule. Mistari ya nyuzi kamili ikikatana inaacha miraba. Kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mraba mmoja ni kilomita 111 hivi kila upande. Huku Hamburg mistari ya longitudo imeshasogeleana, kwa hiyo mraba una urefu uleule lakini upana wake ni kilomita 66 tu. Sasa, kila siku ya Mungu kila mraba hupata nukta moja, na siku ya Jumamosi saa kumi alasiri anayetaka anakwenda kusimama hapo. Akimkuta mwenzake, wanasalimiana. Asipomkuta mtu, anapiga picha anarudi zake. Basi.

Utauliza nani anayeichagua hiyo nukta. Hachagui mtu, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Aliyebuni jambo hili ni mchora vibonzo Mmarekani, Randall Munroe, mwezi wa Mei 2008. Unachukua tarehe ya siku hiyo, unaiandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, unaweka kistari, unafuatiza namba ambayo kipimo cha hisa cha Dow Jones kimefungua nayo kule New York. Maandishi hayo yanapitishwa kwenye fomula iitwayo MD5, nayo inatoa mchanganyiko wa herufi na tarakimu 32. Ukishakamua tui huwezi kulirudisha kifuuni likawa nazi, na fomula hii ni hivyohivyo, hakuna anayeweza kuanzia nyuma akapanga nukta iangukie nyumbani kwake. Kumi na sita za mwanzo zinageuzwa kuwa desimali za latitudo, kumi na sita za mwisho za longitudo, nazo unazibandika kwenye nyuzi kamili za mraba wako. Hesabu yote inafanywa na programu, wewe unasoma jibu tu.

Hiyo namba ya hisa imewekwa kusudi. Ingekuwa tarehe peke yake, mtu angekaa akapiga hesabu ya mwaka mzima mbele. Namba ya soko haijulikani mpaka soko lifunguliwe. Ila kulikuwa na tatizo letu sisi watu wa mashariki: New York inapofungua, Lamu ni saa kumi na nusu jioni, na wakati wao wa baridi ni saa kumi na moja na nusu. Mtu angefunga safari saa ngapi? Kwa hiyo wote walioko mashariki ya nyuzi 30 magharibi, Afrika yote na Ulaya ndani, wanatumia namba ya jana yake. Na kwa kuwa soko halifunguliwi Jumamosi wala Jumapili, Ijumaa jioni tunakuwa tumeshajua nukta za Jumamosi, Jumapili na hata Jumatatu. Ijumaa jioni simu yangu haitulii, kila mtu anatuma ramani.

Kikundi chetu ni kidogo na hakina mwenyekiti, ndiyo maana kinadumu. Kuna huyo Mturuki tunayefanya naye kazi ghalani, kuna binti mwanafunzi wa hesabu, na kuna mzee mmoja mstaafu wa posta ambaye hakosi hata mvua ikinyesha. Huyu mzee nilimwambia kwamba kwetu Amu, ndiyo Lamu, kulikuwa na posta ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 hadi 1891, na nyumba yake ni makumbusho mpaka leo. Hakuamini. Akaenda kusoma kwake, wiki iliyofuata akaja na habari za Witu, ile ya bara kwetu, kwamba Ujerumani iliiachia Uingereza mwaka 1890 katika mkataba uleule uliowapa wao kisiwa cha Helgoland, ambacho huku watu hukiendea kwa boti kutokea Hamburg kupunga upepo. Tangu hapo ananiita jirani yake wa Witu. Nimemwambia mimi ni wa Amu, mtaa wa Langoni, lakini kwa mtu wa huku ni kulekule.

Mji wenyewe wa Hamburg umepasuliwa na mstari wa longitudo wa nyuzi 10. Ikulu ya meya iko mraba mmoja, stesheni kuu ya treni iko mraba mwingine, na baina yao unakwenda kwa miguu hata jasho halijakutoka. Kwa hiyo siku moja tunakuwa na nukta mbili za kuchagua, na ubishi wake usiseme.

Ile ya picha iliangukia ng'ambo ya mto Elbe, nchi ya matufaha. Tulipanda feri mpaka Finkenwerder, tiketi yetu ya treni ikafaa humohumo ndani ya feri, halafu basi, halafu miguu. Ni nchi tambarare, miti imepangwa safu kwa safu, na kila baada ya safu kadhaa kuna mtaro wa maji. Nukta ilikuwa ndani ya shamba, na kanuni ya mchezo ni kwamba shamba la mtu huliingii bila idhini, hata ikiwa zimebaki hatua kumi. Mwenye shamba alikuwa juu ya ngazi anapogoa. Mzee wa posta akamweleza. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, mkasi mkononi, kisha akauliza swali moja: nani anawalipa? Tukamwambia hakuna. Akashuka.

Akaishika simu yangu yeye mwenyewe akatangulia. Ujue desimali ya nne ni kama mita 11, na ya tano ni kama mita moja, kwa hiyo ukikaribia tarakimu za mwisho zinachezacheza hata ukiwa umesimama. Yeye anakwenda hatua mbele, hatua nyuma, kofia imemshuka usoni, anazisoma kwa sauti kama mtu aliyehesabiwa deni. Zilipotimia alikuwa amesimama kwenye shina la mti mmoja mwembamba. Akautazama, akacheka kwa mara ya kwanza. Mti huo, alisema, ndio pekee katika safu ile ambao hauzai, na mkewe anamwambia kila mwaka aukate. Picha aliyoiona mama aliipiga yeye.

Najua utasema ni kazi ya watu wasio na kazi. Lakini fikiri, dada. Miaka hii yote ugenini najua njia ya kazini, ya dukani, ya msikitini, na ile ya ofisi ya vibali ambayo naijua kuliko ninavyotaka. Kila pahali ninapopajua nilipelekwa na shida. Kule matufahani sikuwa na shida yoyote, sikuwa na foleni, hapana aliyeniomba karatasi. Na mtu wa kule aliponiuliza natoka wapi, aliuliza kwa sababu tulikuwa tumesimama pamoja hatuna la kufanya.

Kitu kimoja sikipendi. Saa kumi alasiri imewekwa na watu waliodhani jua ni lilelile kila mahali. Mwezi wa Desemba huku saa kumi ndiyo magharibi, unaswali kisha unatembea gizani na tochi unatafuta nukta kwenye kichaka. Nyinyi huko saa kumi mmeshaswali alasiri, jua limepoa, ndio wakati mzuri hasa.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Mwambie mdogo wetu ajaribu na wenzake wa Mokowe, badala ya kushinda wanatazama mpira wa watu. Mraba wetu ni latitudo 2 hadi 3 kusini, longitudo 40 hadi 41 mashariki. Humo mna Amu nzima, Shela, Matondoni, Kipungani na Manda. Bara mna Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu na Kipini mpaka Garsen. Siyu na Faza wako mraba wa pili, kwa hiyo shangazi wa Faza asinilaumu mimi, alaumu mstari. Pembe yote ya kusini mashariki ni maji.

Zuri zaidi ni kwamba desimali za siku moja ni zilezile kwa miraba yote ya upande wetu wa dunia. Tuseme zimetoka 29 za latitudo na 91 za longitudo. Nyinyi mko karibu na Shela, mnakwenda kwa miguu kwa njia ya pwani. Mimi siku hiyo niko kusini ya Hamburg, upande wa Buchholz, kwa treni. Na binamu yetu wa Malindi? Mraba wake ni wa latitudo 3, nao una Malindi, Mambrui, Gede na Watamu kwenye ukingo tu; kwingine kote ni bahari. Kwa hiyo yeye nukta yake iko zaidi ya kilomita 80 nje ya Malindi, kwenye maji makuu. Siku ikimwangukia mjini kwake, nyinyi mtaikuta karibu na Garsen. Mpe pole mapema.

Lakini sikilizeni. Wakati wa kusi asitoke mtu baharini kwa ajili ya mchezo, hata mjomba akisema yeye anaijua bahari. Ikiangukia kwenye mikoko, tazameni kwanza maji yanajaa saa ngapi. Ikiangukia shambani kwa mtu, aulizwe mwenyewe, na kijijini aulizwe mzee wa kijiji, wasije wakadhaniwa wanapima ardhi. Huko bara habari ya kupima ardhi haina mzaha. Bandarini Kililana hakuingiliki kienyeji, wasijaribu. Na njia ya Witu, askari wakisema leo msiende, warudi bila kubishana. Nukta ya kesho iko palepale inangoja.

Wapige picha simu ionekane namba zake, si nyuso tu. Na waniandikie walichokikuta: shamba la nani, mti gani, nani aliwauliza nini. Hiyo ndiyo ninayoitaka, maana Witu na Kipini nimepita kwa basi tu, sijawahi kushuka.

Wasalimie wote, mama mbusu mkono kwa niaba yangu, watoto waambie penseli za rangi ziko njiani. Nauli ya boti na ya boda nitaituma Ijumaa jioni, nikishaona nukta imeangukia wapi. Ikiwa baharini, situmi kitu.

Ni mimi nduguyo,
Hamburg