Fuata Mto Mpaka Ramani Inapoishia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya ajira nimeisoma mara mbili. Afisa mipango wa mazingira, idara ya kudhibiti mafuriko: kazi ileile niliyoifanya mimi mama yako kwa miaka 22. Nimefurahi mno. Ila usiku sikupata usingizi, maana kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Mwaka wangu wa tatu kazini nililetewa mradi wa kunyoosha kijito kilichokuwa kikifurika kila msimu wa mvua. Wahandisi walishachora mfereji wa zege, mnyoofu kama rula. Mimi niliandika tathmini ya athari kwa mazingira. Nilihesabu miti, nikaorodhesha ndege, nikaweka sharti kwamba matete yasikatwe wakati ndege wanatotoa. Nikatia saini. Ramani iliishia pale zege linapokoma, nami nikaishia hapohapo.

Maji yaliyozoea kuzunguka kona yakaanza kukimbia. Mvua kubwa ya pili baada ya ujenzi, ukingo wa udongo ulioanzia mwisho wa zege ukameguka. Nilimkuta bibi mmoja amesimama kwenye shamba lake, nusu yake imeshachukuliwa, mizizi ya mti inaning'inia hewani na tope linadondoka taratibu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mlipokuwa mnapima kule juu, na mimi mlinipima?"

Sikuwa na la kumjibu.

Wamekosea hivyo hata wenye utaalamu na fedha nyingi. Mto Kissimmee kule Florida, Marekani, ulinyooshwa kati ya 1962 na 1971; zaidi ya kilomita 160 za mto wenye kona zikageuzwa mfereji wa kilomita 90 hivi. Mafuriko yalipungua, lakini ardhioevu ilikauka na ndege wa majini wakapotea kwa wingi. Kuanzia 1999 hadi 2021 wakawa wanafukia sehemu ya mfereji huohuo ili mto urudie kona zake. Fikiria: miaka 9 ya kuchimba, miaka 22 ya kurekebisha.

Uholanzi nao, baada ya watu wapatao 250,000 kuhamishwa mwaka 1995 kwa hofu ya kupasuka kwa matuta yanayozuia maji ya mto, waliona kuinua matuta peke yake hakutoshi, wakaamua kuupa mto nafasi. Mjini Nijmegen walirudisha tuta nyuma mita 350 na kuchimba mkondo wa pembeni. Naupenda sana mradi ule. Hata hivyo kuna nyumba zilibomolewa, na kila nikiusifu nawakumbuka waliofungasha vyombo vyao. Watu kama hao uwatafute mapema, michoro ikiwa bado ya penseli. Ukiwaendea baada ya kibali kutoka, unakuwa umekwenda kuwaarifu tu.

Vikaoni utasikia sana habari ya "mafuriko ya miaka 100". Mtu atasimama aseme yalikuja juzi, kwa hiyo wajukuu zake ndio watakaoyaona tena. Mweleze bila haraka kwamba maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na juzi haipunguzi chochote. Anayekaa miaka 30 kwenye nyumba hiyo ana uwezekano wa karibu asilimia 26 wa kuyaona. Nimewahi kuona ukumbi mzima ukinyamaza kwa hesabu hiyo. Na tuta jipya likikamilika, usishangae watu wakijenga nyuma yake kwa kujiamini. Mwanajiografia Gilbert White alishaeleza tangu miaka ya 1940 kwamba hasara ya mafuriko kwa sehemu kubwa hutokana na watu kukalia mahali pa mto.

Kijito kile tulikirudia. Tuliondoa sehemu ya zege, tukapanua bonde, tukapanda matete kingoni. Ilichukua miaka minne, na bibi yule alikuwa ameshafariki.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya ripoti ile yenye saini yangu. Ukurasa wa ramani nimeukunja kona. Kabla hujaripoti kazini tupange siku twende wote, tuanzie pale zege lilipokoma, tuteremke na maji.

Mama yako akupendaye