Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: lile jani la kwenye Ghuba sio gugu maji tulilolizoea

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Mimi ni mama mwenye mitumbwi miwili huku upande wa Busisi, mmoja wa dagaa, mwingine wa mizigo na abiria wachache. Hili jambo nimekaa nalo rohoni muda mrefu, leo nimeamua niliandike hapa wazi ili na wenzangu wa mialo mingine wasome, maana nikilisema mwaloni naambiwa mama wewe nawe, magugu maji si yapo tangu tunazaliwa. Shida ndo iko hapo mheshimiwa. Sio yale.

Gugu maji la zamani kila mtu analijua, lina kikonyo kimevimba kama puto na ua la zambarau. Hili jipya halitoi ua hata siku moja. Ni jamii ya kangaga, ndugu kabisa wa yale makangaga ya mabondeni, ila lenyewe linaelea. Wataalamu wanaliita Salvinia molesta, kwao ni kusini mashariki mwa Brazili, na huku Afrika wengi wanalijua kama gugu la Kariba kwasababu lile bwawa la Zambia na Zimbabwe lilipofungwa mwisho wa 1958 haikupita hata mwaka likaonekana, na kufikia 1962 lilikuwa limefunika karibu kilomita za mraba 1,000. Bwawa jipya kabisa yani, halijamaliza hata kujaa.

Naomba siku moja uchukue tawi lake uliweke kiganjani. Majani yanakaa mawili mawili, yamejikunja katikati kama kitabu kilichofunguliwa nusu, na juu yake kuna vinyweleo vidogo vidogo vingi, ukisogeza macho unaona kila kinyweleo kimegawanyika alafu ncha zimekutana tena juu, kama kile kifaa cha waya cha kupigia mayai. Humo ndimo linapobania hewa. Lizamishe kwa kidole uone, likiibuka ni kavu, maji yameteleza yote. Na zile nyuzi za kahawia zinazoning'inia chini ambazo sisi wote tulidhani ni mizizi, kumbe ni jani la tatu limejigeuza, hili kangaga halina mizizi kabisa. Wala halizai kwa mbegu. Linazaa kwa kuvunjika. Kipande kimoja kikibaki na kichipukizi chake kinaanza maisha mapya peke yake.

Mwezi wa tatu nilichukua vipande vitano nikavitia kwenye beseni la kufulia, maji ya ziwa na kinyesi cha mbuzi kidogo, nikaliweka nyuma ya nyumba. Wiki ya tatu sikuona maji tena, na yale majani yaliyokuwa yamelala yakaanza kusimama yakisukumana. Ndo nikaelewa kwanini kwenye Ghuba ya Mwanza limejipatia nyumba, kwasababu linapenda maji yaliyotulia, yenye joto na yenye mbolea. Mawimbi makubwa ya ziwa la nje yanalisumbua, ila ghuba yetu ni nyembamba imejikinga, pembeni kuna matete na mafunjo ya kujifichia, alafu mto kama Mirongo unapita katikati ya jiji unatuletea uchafu wote ziwani, na mvua nayo inasomba mbolea na udongo mashambani. Tunalilisha wenyewe.

Likishatanda linakuwa zulia. Chini yake giza, hewa hamna, na samaki wadogo wa sato wanaokulia kwenye maji mafupi pembeni hawana pa kukaa. Nyavu ukivuta unavuta majani. Injini ya mtumbwi wangu wa mizigo inapiga dakika chache inazima, kijana anainama kutoa majani kwenye propela kwa mkono, tunasogea kidogo, inazima tena. Siku moja tulikuwa na mama mjamzito anawahishwa ng'ambo kwa ndugu zake na tukakaa katikati ya lile zulia zaidi ya saa nzima, huku kasia linaingia kwenye majani kama unachota ugali, na yule mama hasemi kitu kashika tu ubao wa mtumbwi. Sitaki kuikumbuka ile siku.

Mwanzoni mwa 2025 wakati vivuko vya Kigongo na Busisi vinahangaika na haya majani kila mtu alikuwa anaongelea hii habari. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni ile magari yanapita juu, na tunashukuru sana kwa daraja, ila ukipita juu kule chini unaona kijani kizuri tu. Sisi tulioko chini bado tupo nalo.

Sasa naomba nifike kwenye lililonifanya niandike. Kuna zoezi la kuondoa magugu lilifanyika mwaloni kwetu, wenye zoezi siwataji, na watu walijitolea kwa moyo kweli. Wakaingia na mapanga na reki, wakakatakata, wakavuta, rundo likaachwa pale pale hatua chache toka majini. Kwa gugu maji la zamani tungesema angalau tumepunguza, ila kwa hili kila panga lilikuwa linatengeneza vipande vipya, na rundo ndani lilibaki bichi. Mvua ya kwanza tu likarudi ziwani lote. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, tulikuwa tunapigana na adui tusiyemjua jina.

Na kosa la jina lilishawagharimu wakubwa kuliko sisi. Miaka mingi wanasayansi wenyewe walilichanganya na ndugu yake anayeitwa Salvinia auriculata, mpaka 1972 ndo likapewa jina lake. Kabla ya hapo walienda kutafuta wadudu kwa huyo ndugu, wakawaleta Afrika, na wale wadudu hawakuliweza. Ilibidi wafike 1978 ndo wapate kwao kwenyewe Brazili, na hapo wakamkuta fukusi mdogo mweusi wa milimita 2 hivi, Cyrtobagous salviniae. Mkubwa anakula vichipukizi, funza wake anatoboa shina kwa ndani. Australia walimwachia kwenye ziwa Moondarra mwaka 1980, na ndani ya miezi 14 hivi tani kama 18,000 za hilo jani zilikuwa zimekwisha. Papua New Guinea ilikuwa hivyo, Botswana wanaye, mto Senegal pia alifanya kazi. Na neno fukusi lisiwatishe wakulima, huyu mahindi hayagusi, chakula chake ni hili jani tu.

Ndo maana wale fukusi walioachiwa ziwani miaka ya 1990 kula gugu maji, na walisaidia sana, hawatusaidii hapa. Wale wana chakula chao. Tukikaa tunasubiri wao tutasubiri mpaka wajukuu.

Alafu sisemi kila kangaga la majini lifyekwe. Kuna azola, kale kadogo kanakogeuka kekundu juani, wenzetu wa Vietnam na China wamekatumia kwenye mpunga karne na karne kama mbolea kwasababu kanaishi na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Mkulima wa mpunga wa Misungwi au Magu akikaona kwenye jaruba asikachanganye na hili.

Kwahiyo mheshimiwa ninachoomba ni wataalamu waje mialoni na jani mkononi watufundishe kulitofautisha, na kama mpango wa kumleta huyo fukusi upo basi tuambiwe umefika wapi, na kama haupo ofisi yako ilisukume huko juu kwa wanaohusika, apimwe kwa taratibu zote za nchi. Wakati tunasubiri, zoezi lolote lifanyike kwa kulizungushia kamba zenye maboya na kulivuta zima zima, na libebwe na gari mpaka nchi kavu mbali, lianikwe likauke kabisa. Na sisi wenye mitumbwi tulazimishwe kusafisha nyavu na mitumbwi kabla ya kuhamia mwalo mwingine, hata mimi nikikutwa nipigwe faini.

Beseni langu bado lipo. Ukinipangia siku nalileta ofisini uliguse mwenyewe, ila nitakuja nalo limefunikwa na kufungwa kamba, maana sitaki hata kipande kimoja kidondoke kwenye mtaro njiani.

Mama mwenye mitumbwi,
Busisi