Barua kwa Mbwana: usiipange upya Fillmore East

Ndugu yangu Mbwana,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Huku sote tu wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umegusa penyewe. Unasema At Fillmore East, ya bendi ya rock ya Marekani iitwayo Allman Brothers Band, ni albamu iliyokatwakatwa, kwamba mpangilio wa nyimbo zake ni wa uongo, na kwamba mtu mwenye seti kubwa ya 2014, yenye maonyesho mazima, hana haja tena ya ile albamu ya santuri mbili. Nakupa haki yako kwanza, kisha nikupinge.

Ni kweli kwamba hakuna usiku hata mmoja ambao bendi ilipiga nyimbo zile saba kwa mfuatano ule. Nyimbo zilitoka katika maonyesho ya tarehe 12 na 13 Machi 1971, pale Fillmore East, ukumbi wa Bill Graham wa Second Avenue, New York, na kila usiku kulikuwa na maonyesho mawili, la mapema na la usiku mnene. Tom Dowd, prodyuza wa albamu, alichagua upigaji bora kutoka huku na kule, akaupanga mwenyewe. Lakini neno "uongo" silikubali. Mpishi akichagua samaki wa leo na nazi ya jana hajakudanganya, amekupikia.

Huyo Dowd alifika ukumbini akitokea Afrika. Mapema mwezi huohuo alikuwa Ghana kwenye kazi ya filamu ya tamasha la Soul to Soul, lililofanyika Accra tarehe 6 Machi. Akaingia kwenye gari la kurekodia lenye mashine ya njia 16, na kilichomshtua ni kusikia wapuliza saksafoni na ala nyingine juu ya bendi ambayo tayari ilikuwa na magitaa mawili, besi, kinanda na wapiga drams wawili. Akataka waondolewe. Katika seti yako ya 2014 saksafoni ile bado imo kwenye baadhi ya nyimbo za tarehe 12. Isikilize In Memory of Elizabeth Reed yenye saksafoni, halafu ile iliyoingia kwenye albamu. Magitaa mawili yale hupiga wimbo mmoja kwa sauti mbili zilizo karibu sana. Chombo cha tatu kikijipenyeza hapo katikati, na hasa kikiwa hakijakaa sawa kwenye sauti, masikio yanashindwa kutenganisha nani ni nani. Tatizo lilikuwa nafasi tu, wala si dharau kwa saksafoni.

Sasa huo mpangilio. Wewe unautazama kama uamuzi wa ladha tupu, lakini nusu yake uliamuliwa na plastiki ya santuri yenyewe. Hesabu nami: upande wa kwanza una Statesboro Blues, Done Somebody Wrong na Stormy Monday, jumla karibu dakika 17. Upande wa pili una You Don't Love Me peke yake, dakika 19. Wa tatu una Hot 'Lanta na In Memory of Elizabeth Reed, dakika 18. Wa nne ni Whipping Post tu, dakika 22 na sekunde 40. Upande wa santuri ukizidi dakika 20 na ushee, mifereji inabidi ibanane, na ili ibanane ni lazima besi ipunguzwe au sauti yote ishushwe. Kwa hiyo Whipping Post haikuweza kupewa jirani, wala You Don't Love Me. Ukishaweka hizo mbili kila moja kwenye upande wake, zinabaki pande mbili za kugawa nyimbo tano, na hapo ndipo ufundi wa Dowd unapoonekana: upande mmoja blues zenye kuimbwa, upande mwingine nyimbo mbili zisizo na sauti ya mtu hata moja. Albamu inaanza na wimbo wa dakika nne na inaishia na wa dakika 22. Msikilizaji anafundishwa kusikiliza kwa muda mrefu bila kuambiwa kwamba anafundishwa.

Unalalamika kwamba Stormy Monday imekatwa. Imekatwa kweli. Thom Doucette alikuwa na solo yake ya hamonika na Dowd akaitoa, wimbo ukabaki dakika nane na nusu. Matoleo ya baadaye yaliyoirudisha yanapita dakika kumi. Solo ni nzuri, sibishi. Lakini wimbo ule ni wa polepole na tayari una solo za magitaa mawili na ya kinanda, na huko kwenye kinanda mapigo yanabadilika yakaanza kuyumba kama waltz kabla ya kurudi. Ukiongeza solo ya nne, lile badiliko linapotea katikati ya msafara. Kwa hili namuunga mkono aliyeshika wembe.

Kijana wako anayejifunza gitaa, mwambie aanzie Statesboro Blues, maana pale Duane Allman, mmoja wa wapiga gitaa wawili wa bendi, anatelezesha kichupa juu ya nyuzi tangu noti ya kwanza. Kile kichupa kilikuwa cha kioo, cha dawa ya mafua ya Coricidin, kwenye kidole cha pete, na mkono wa kulia ulipiga kwa vidole bila kipande cha plastiki. Nyuzi aziweke E, B, E, G#, B, E kuanzia ule mnene. Maana yake uzi wa tano na wa nne zinapanda hatua nzima, na wa tatu nusu hatua. Hapo ndipo vijana wengi wanapokata nyuzi na kupinda shingo za magitaa ya bei nafuu. Kama gitaa lake ni la namna hiyo, ashushe badala ya kupandisha: D, A, D, F#, A, D, umbo la vidole ni lilelile. Kichupa kikae juu kabisa ya kijichuma cha kwenye shingo, si nyuma yake kama anavyoweka kidole; akikiweka nyuma, kila noti itakuwa chini kidogo na atadhani sikio lake ni bovu. Na vidole vilivyo nyuma ya kichupa viguse nyuzi kidogo tu ili zisilie ovyo. Bila hivyo kioo kinazomea.

Kwenye You Don't Love Me nakuomba usiruke katikati. Najua unaruka. Kabla wimbo haujafika nusu wenzake wote wananyamaza, na Duane anabaki peke yake na gitaa mbele ya ukumbi mzima. Hakuna drams wala besi ya kumshikia mkono. Kila kimya anachokiacha ni cha hatari, na ukisikiliza vizuri unasikia watu ukumbini wakishikilia pumzi hadi mmoja wao anashindwa na kupiga kelele. Karibu na mwisho anachomeka kipande cha wimbo wa Krismasi, Joy to the World, na bendi inamfuata kana kwamba walikubaliana. Hili ndilo watu wetu wa dansi wanalolijua kwenye chemko: wimbo umeshakwisha kuimbwa, lakini kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Sasa nije kwenye kosa ambalo siwezi kulinyamazia. Umeandika kwamba "solo ya kwanza ya Elizabeth Reed ndiyo Duane bora kuliko zote". Mbwana, ile solo ya kwanza ni ya Dickey Betts, yule mpiga gitaa mwingine. Wimbo ni wake yeye pia; jina alilitoa kwenye kaburi moja la Rose Hill, Macon, Georgia. Mfuatano ni huu: Dickey, kisha kinanda cha Gregg Allman, mwimbaji na nduguye Duane, kisha Duane, kisha drams kwa ufupi, kisha wanarudi kwenye wimbo. Hata ule mwanzo unaoufananisha na fidla ni Dickey. Anafunga sauti kwa kifundo cha gitaa, anapiga uzi, halafu anafungua kifundo taratibu kwa kidole cha mwisho. Ule mlio wa kugonga uzi haufiki kwenye spika, kinachofika ni noti inayochomoza kutoka kimyani, ndiyo maana sikio linasema fidla. Watu wamempa Duane kila kitu kizuri kwa sababu alikufa Oktoba 1971 akiwa na miaka 24, miezi michache tu baada ya albamu kutoka. Dickey alifariki Aprili 2024 na bado kuna wanaomhesabu msaidizi.

Njia rahisi ya kuwatenganisha ni hii. Vaa hedifoni, cheza Statesboro Blues, na tazama kichupa kinatokea sikio gani. Huyo ni Duane. Kumbuka sikio hilo, kisha nenda Elizabeth Reed, utamkuta kila mmoja upande wake. Ukikosea, angalia kwanza kama umevaa hedifoni kinyume, halafu angalia kama simu yako imewekwa kwenye sauti ya njia moja. Kwenye simu nyingi kibonye hicho kiko kwenye mipangilio ya usikivu, na kikiwashwa wote wawili wanakaa katikati. Pasipo hedifoni, sikiliza tabia. Duane anavuta noti mpaka ilie, anarudi palepale mara nyingi na kukazia. Dickey anasokota wimbo mrefu wenye mwanzo na mwisho, unaoweza kuutia maneno na kuuimba.

Kuhusu Whipping Post, umesema unapotea kila mara pale mwanzo. Hupotei kwa ubaya wa sikio, unapotea kwa sababu unahesabu 12 na wao wanapiga 11. Berry Oakley anaingia na besi peke yake. Iseme kwa mdomo hivi, ukigonga meza kwenye kila TA:

TA-ka-ta, TA-ka-ta, TA-ka-ta, TA-ka.

Matatu, matatu, matatu, mawili. Kosa la kila mtu ni kuongeza "ta" ya mwisho kwa mazoea, na hapo mzunguko wa pili unakuacha nyuma kwa pigo moja, wa tatu kwa mawili. Gregg aliyeutunga mwenyewe alisimulia kwamba hakujua kuwa ni 11 mpaka nduguye Duane alipomwambia. Gregg anapoanza kuimba, ile "ta" iliyokosekana inarudi, zinakuwa TA-ka-ta nne kamili, na ndiyo maana ubeti unahisi kama mtu aliyefika sakafu imara baada ya kushuka ngazi yenye kipandio kilichopungua. Kisha katika solo magitaa yanazunguka kodi (chords) zilezile, A ndogo (minor), B ndogo, C, na kurudi B ndogo. Duane anachukua solo ya kwanza, Dickey ya pili. Baada ya hapo mapigo yanaachiliwa kabisa na kwa dakika kadhaa hakuna wa kuhesabu. Usijaribu kugonga meza hapo.

Na hapa ndipo nakubaliana nawe moja kwa moja. Mwisho wa upande wa nne, makofi yakiwa yanalia, ngoma ya Butch Trucks, mmoja wa wapiga drams, inaendelea kunguruma na bendi inaanza kitu kingine, halafu sauti inafifia. Kitu hicho ni Mountain Jam, iliyojengwa juu ya wimbo wa mwimbaji Donovan, na ina dakika 33 na ushee. Ukiiunganisha na Whipping Post unapata takriban dakika 56 za muziki usiokatika, na hakuna upande wa santuri unaoweza kubeba hizo. Ikabidi ingoje Eat a Peach, albamu yao iliyofuata, ya Februari 1972, na huko nako ikapasuliwa: nusu upande wa pili, nusu upande wa nne. Tuliozoea santuri ndogo zenye sehemu ya kwanza huku na ya pili kule tunajua uchungu wa kugeuza wakati mguu umeshashika mdundo, lakini hapa unabadilisha sahani nzima. Hili ndilo jeraha la kweli la muziki ule, wala si hamonika.

Dawa ipo. Chukua toleo la 2003 la diski mbili, ambamo Whipping Post inaingia Mountain Jam bila kukatika. Ukisikilizia simu, kwenye programu zima ule mchanganyiko wa mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine, uwe sekunde 0, na washa uchezaji usio na mwanya. Ukiacha mchanganyiko hata sekunde tano, zitamezwa ngurumo zilezile ninazokuambia uzisikilize. Usiunge Whipping Post ya santuri ya 1971 na Mountain Jam ya Eat a Peach ukitarajia zishikane. Moja inafifia na utasikia shimo.

Kwa hiyo fanya hivi. Pande tatu za kwanza zisikilize kama Dowd alivyozipanga. Ya nne ibadilishe kwa ile iliyounganishwa. Seti ya 2014 iweke kwa kazi yake: ina maonyesho manne ya Machi na lile la 27 Juni, siku Fillmore East ilipofungwa, na inafaa kulinganisha wimbo mmoja kwa usiku tofauti. Anza na Elizabeth Reed, zisikilize zote kwa tarehe, ukiandika kila solo inaanzia dakika ya ngapi. Niletee orodha hiyo, nami nitakuletea yangu, kisha tubishane juu ya ile ya tarehe 13 ya onyesho la mapema, maana hiyo ndiyo iliyoingia kwenye albamu na nadhani bado hujaitendea haki.

Na tafadhali, kwenye bahasha ya kijana andika "D, A, D, F#, A, D" kwa herufi kubwa kabla hajagusa vifungio vya nyuzi.

Wako,
Shabani