Gari la zamani linakunywa mafuta? Pima kwanza kabla hujashusha pampu

Malalamiko huja kwa sentensi moja: "Fundi, gari linakunywa mafuta." Prado ya dizeli iliyokuwa ikienda kilomita 9 kwa lita sasa inaonyesha 6, na mwenye gari ameshashauriwa kijiweni ashushe pampu ya dizeli na kubadilisha nozeli zote, yaani vinyunyizio vya mafuta. Sisi mafundi swali letu la kwanza ni hili: hiyo 6 umeipata wapi? Kwenye kioo cha dashibodi, kwenye mshale wa geji, kwenye risiti za sheli au kwa maneno ya dereva? Kila kimoja kina namna yake ya kudanganya.

Tuanze na mshale. Ndani ya tanki kuna boya lililoshikwa na mkono, na mkono huo unatembea juu ya kipande chenye upinzani wa umeme. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, upinzani mdogo maana yake tanki limejaa, upinzani mkubwa maana yake linakaribia kukauka. Sasa hewa ya chumvi ya pwani yetu ya Mtwara inakula kiungo cha waya wa ethi pale juu ya tanki. Kutu ikiingia, upinzani unapanda na mshale unashuka mapema, wakati mafuta yapo. Dalili yake utaiona sheli: tanki la lita 90 likionyesha robo linatakiwa kupokea lita 65 hivi. Likijaa kwa 45, mwongo ni mshale. Kukwangua kiungo, kukaza na kupaka grisi kunatosha mara nyingi.

Magari yenye matanki mawili, kama Land Cruiser nyingi za "mkonga", yana ugonjwa wake. Injini ya dizeli hairudishi matone, inarudisha mafuta mengi kwenye tanki kila dakika. Ukibonyeza swichi ya kubadilisha tanki, valvu inatakiwa kuhamisha njia zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Upande wa kurudi ukikwama, injini inanyonya tanki kubwa na kurudishia la akiba. Kubwa linakauka kwa kasi ya kutisha, la akiba linajaa hadi kumwaga kwenye kifuniko. Msimu wa korosho hapo ndipo dereva anapoitwa mwizi. Inawezekana ni mwizi, lakini kwanza andika geji za matanki yote mawili, tembea kilomita 50 ukitumia kubwa, kisha soma tena. La akiba likiwa limepanda, muombe dereva radhi.

Kwa magari yenye kioo cha ulaji, angalia kipimo kabla ya kuogopa nambari. Kilomita 12 kwa lita ni habari njema kwa fowili yoyote, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Lita 12 kwa kilomita 100 ni sawa na kilomita 8.3 tu kwa lita. Discovery iliyotoka Uingereza inahesabu maili kwa galoni, na 24 yake ni kama kilomita 8.5 kwa lita.

Halafu kuna tairi. Ukitoa 265/70R16 na kufunga 285/75R16 kwa sababu ya mchanga wa Msimbati, kipenyo kinatoka milimita 777 kwenda 834. Kila mzunguko wa gurudumu sasa unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7 na ushee, lakini dashibodi haijui. Tuseme inaandika kilomita 412 kwa lita 52. Unagawa unapata 7.9. Kilomita halisi ni 442, kwa hiyo gari linakwenda 8.5. Ni kweli tairi kubwa na zito linaongeza ulaji, ila si kwa kiasi unachokiona pale.

Kipimo tunachokiamini hakihitaji mashine. Jaza sheli, simama kwenye sehemu tambarare, acha pampu ijikate mara ya kwanza na usiongeze hata tone. Nenda Lindi na urudi Mtwara, zaidi ya kilomita 200, ramani ya simu ikirekodi umbali. Rudi pampu ile ile, jaza mpaka ijikate tena, gawa kilomita kwa lita. Fanya mara mbili. Usipime kwa safari ya kupanda Newala na mzigo halafu ukalinganisha na barabara ya pwani. Mlima ule unadai mafuta yake, na mchanga unadai zaidi.

Kipimo kikithibitisha kuwa mafuta yanaliwa kweli, usikimbilie boneti. Piga magoti kwenye magurudumu. Upepo uliopunguzwa ili kupita mchangani na kusahauliwa kurudishwa ni chanzo cha kila siku. Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Hakikisha habu za mbele ziko FREE, yaani zimeachia, na kama gari ni la fowili muda wote, loki ya difu ya kati isibaki imefungwa kwenye lami. Kisha breki. Endesha kilomita 10 bila kukanyaga breki ovyo, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, inue kwa jeki na uzungushe kwa mkono. Gurudumu zuri linazunguka na kusugua kidogo, bovu linagoma. Ukifungua utakuta pini za kalipa zimeshikwa na kutu, au waya wa breki ya mkono haurudi.

Sasa tufungue boneti, na kwanza themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa sababu hapa mafundi wenzetu wametuharibia magari mengi. Gari likichemsha, inatolewa na kutupwa, eti huku kuna joto. Matokeo yake injini haipati moto wake. Kompyuta ya injini inaamini bado ni asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta, na giaboksi za oto za Toyota huchelewa kuingia gia ya juu kabisa. Kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha vilevile kwenye mlima. Kuipima ni kazi ya jikoni: ining'inize kwa waya kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka karibu na nambari iliyopigwa juu yake, mara nyingi nyuzi 76 au 82, na maji yakifika 95 iwe wazi milimita 8 au zaidi.

Jirani yake ni sensa ya joto la maji. Chomoa soketi, pima kwa mita. Kwenye Toyota za miaka ya 1990 inatakiwa ohm 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Asubuhi ya Mtwara, injini baridi, tarajia karibu 2,000 au chini kidogo. Ukikuta 5,000, kompyuta inadhani gari limelala kwenye barafu na inamimina mafuta.

Kama gari halina soketi ya mashine ya kisasa, tafuta kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili, kimya kidogo, mbili tena ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni kwa gari la petroli, 42 ni sensa ya mwendo. Kupepesa haraka bila kukatika maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Usibahatishe tundu lingine. Kuna yenye umeme.

Kwa dizeli isiyo na kompyuta, moshi ndio mashine. Mweusi ukiwa na mzigo: mafuta mengi kuliko hewa, yaani eya klina imeziba, mpira wa tabo umepasuka, nozeli zinavuja au kuna mtu amezungusha skrubu ya pampu kutafuta nguvu. Angalia kama lakiri ya skrubu ipo. Mweupe injini ikiwa ya moto: mafuta hayaungui, angalia taimingi na nozeli. Eya klina ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, isioshwe kwa petroli. Kwenye petroli yenye injekta na sensa nzima, eya klina chafu inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, kwa hiyo usitegemee miujiza kwa kuibadilisha.

Na usisahau kuvuja. Dizeli haikauki haraka: tafuta vumbi lililogandamana na kuwa jeusi kwenye mipira ya kurudisha mafuta juu ya nozeli, na juu ya tanki ambako bomba lenye kutu huvuja tanki likiwa limejaa tu.

Ukituletea gari, njoo na hesabu ya kujaza mara mbili, saizi ya tairi na barabara uliyopita. Ikiwezekana liache jioni, ili asubuhi tuipime ile sensa ya joto la maji kabla injini haijawashwa.