Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maoni ya Mtaa Wetu Juu ya Mpango Kabambe wa Chuo

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama wa mwaloni na wa sokoni, vijana, nanyi wanafunzi mnaopanga kwetu ambao leo mmekaa nasi kwenye mkutano mkuu kwa mara ya kwanza: habari za asubuhi. Mwangaluka.

Taarifa hii huwa inaanza na ulinzi shirikishi, taka na ada za uanachama. Mwaka huu hayo nitayagusa mwishoni, tena kwa ufupi. Kazi iliyotula usiku na mchana ilikuwa moja: kukusanya maoni yenu kwa ajili ya Mpango Kabambe wa chuo kikuu tunachopakana nacho hapa Mwanza. Mpango huo ndio utakaosema, kwa miaka ishirini ijayo, hosteli zitakaa wapi, barabara itapita wapi, na kile kipande cha ardhi kati ya uzio wa chuo na Ziwa Victoria kitatumikaje. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwakani atakuwa mtu mzima mwenye familia kabla mpango huo haujaisha.

Nianze na tulivyoanza vibaya. Barua ya mwaliko ilifika kwa mtendaji wa mtaa Ijumaa mchana. Kikao kilikuwa Jumatatu saa nne asubuhi, ndani ya ukumbi wa chuo. Saa nne asubuhi siku ya Jumatatu, muuza dagaa yuko Mwaloni Kirumba, fundi yuko juu ya jengo, mama lishe ana sufuria mbili motoni. Tulikwenda wachache, karibu wote wastaafu. Tukaonyeshwa ramani za rangi ukutani zenye maelezo ya Kiingereza. Mzee mmoja akauliza mwalo wetu, pale mitumbwi inapotia nanga, uko wapi kwenye picha. Akajibiwa kwamba hilo litaelezwa baadaye. Ikapita karatasi ya mahudhurio, tukasaini, tukanywa soda, tukaondoka. Wiki chache baadaye nikaliona jina la mtaa wetu kwenye orodha ya wadau walioshirikishwa. Liliniuma sana, kwa sababu saini ya kwanza kwenye ile karatasi ilikuwa yangu.

Kamati ilikaa jioni ileile. Tukaandika barua kuomba mambo matatu: muda zaidi, ramani yenye maelezo ya Kiswahili, na mtu wa chuo aje kwetu badala ya sisi kuitwa kwake. Barua haikudai upendeleo. Chuo hiki hakijengwi kwa mkopo ule wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ambao serikali imekuwa ikiutumia tangu 2021 kupanua vyuo vikuu vya umma, lakini tuliazima kipimo chake. Benki hiyo ina viwango kumi vya mazingira na jamii, na cha kumi chote ni kuhusu kuwashirikisha watu: wapewe taarifa mapema, kwa lugha wanayoielewa, na wawe na mahali pa kupeleka malalamiko. Tuliandika kwamba kinachofaa kwa mradi wa mkopo kinafaa pia kwa jirani mwema. Namshukuru kwa dhati afisa mipango wa chuo. Alikuja mwenyewe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akasikiliza bila haraka, na siku ya tano alituletea ramani kubwa ya karatasi, ya Kiswahili.

Ramani ile tuliibeba kuipeleka waliko watu. Tulikwenda nayo mwaloni saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirudi na karabai zikizimwa. Tulitandika turubai juu ya mchanga, tukaweka ramani, tukaibana pembe nne kwa mawe. Tulikuwa na maharage, mahindi na kokoto. Harage lilikuwa mahali unapopapenda na usingependa paguswe, hindi mahali penye shida, kokoto mahali unapopita kila siku. Kwa nusu saa ya kwanza hakuna aliyegusa kitu. Kisha mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani akalishusha, akafuta mikono kwenye khanga, akainama, akaanza kupanga kokoto moja moja. Alianzia nyumbani kwake juu kwenye mawe, akashuka pembeni mwa uzio, akapita kati ya viwanja viwili vya michezo vilivyochorwa na chuo, hadi majini. Alipomaliza akauliza kwa Kisukuma mbona njia yake haipo. Wote tuliinama kutazama. Haikuwepo. Njia ambayo mama zetu wameipita wakiwa na ndoo na beseni tangu kabla ya chuo kujengwa, kwenye ramani palikuwa na rangi ya kijani na maneno "eneo la wazi".

Ndugu zangu, kama kuna jambo moja nataka libaki kwenye kumbukumbu za chama kutokana na mwaka huu, ni lile la kokoto. Mchoraji hakuwa na nia mbaya. Njia ile haina lami wala namba, na picha ya kutoka angani inaonyesha mwembe tu. Anayeijua ni anayeipita, na anayeipita hayupo ukumbini Jumatatu saa nne. Baada ya asubuhi ile tulibadili utaratibu wote. Tulikwenda kwenye kituo cha bodaboda, kwa mama lishe baada ya saa tisa, kanisani na msikitini baada ya ibada, na kwenye mageto ya wanafunzi usiku. Penye wazee tulizungumza Kisukuma. Katibu aliandika maneno ya mtu kama yalivyotoka mdomoni, kwenye daftari, na kila aliyesema alisomewa alichosema kabla hatujaondoka. Wapo waliosahihisha. Mzee mmoja alitusahihisha mara tatu.

Sasa niseme mliyosema.

Kilichojitokeza kwa nguvu kuliko vyote ni maji ya mvua. Mnaijua milima yetu: ni mawe, udongo wake mwembamba, maji hayana pa kuzama. Mvua ikinyesha juu, baada ya dakika chache iko kwenye korongo letu, kama inavyofanya Mto Mirongo katikati ya jiji. Ramani inaonyesha hosteli mpya juu ya mteremko, haswa mahali ambapo leo kuna vichaka na miti. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi za ujenzi alituchorea hesabu ubaoni, na nairudia hapa kwa sababu ilinyamazisha kikao: paa la mita za mraba 1,000 likipokea mvua ya milimita 50 linamwaga lita 50,000 za maji. Hiyo ni mvua moja, na paa moja. Zidisha kwa mapaa yote, ongeza maegesho ya magari yaliyowekwa lami, kisha fikiria nyumba za chini kabisa pale korongo linapopinda. Mama mmoja anayeishi kwenye kona hiyo aliweka mahindi yote aliyokuwa nayo mkononi mahali pamoja. Ombi lenu lilikuwa wazi: matangi ya kuvuna maji kwenye kila jengo, miti ya mteremkoni ibaki, na korongo lijengewe kabla ya hosteli ya kwanza kusimama, si baada yake.

La pili ni ziwa lenyewe. Hapa niwashukuru wazee. Mchoro wa awali uliweka bustani na jengo la mikutano karibu na maji, kwa kufuata ufuko ulipo leo. Mzee wetu mmoja, mvuvi wa zamani, aliwachukua vijana wa kamati hadi kwenye jiwe moja kubwa upande wa mwaloni, akaweka kiganja kwenye alama inayomfika kiunoni, akasema maji ya baada ya Uhuru yalifika pale. Vijana wakatafuta kumbukumbu. Mvua kubwa za kuanzia 1961 zilipandisha ziwa hadi kilele cha Mei 1964, ambapo kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.41. Kilele hicho hakikufikiwa tena hadi Mei 2020, kipimo kiliposoma mita 13.42. Wengi wetu tunaukumbuka mwaka ule wa 2020: vibanda vya mwaloni vilivyozama na choo kilichobaki katikati ya maji. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena. Mpango wa miaka ishirini usioliangalia jiwe la mzee utajenga ndani ya ziwa.

Hapo kuna na sheria, na hii inatugusa sisi pia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tulikiandika kwenye maoni yetu kuhusu jengo la mikutano. Lakini nitakuwa sina haki nisipowaambia wanachama wenzangu mlio na mabanda ya kudumu huko chini kwamba kifungu ni kilekile. Hatuwezi kumpimia jirani mita 60 huku sisi tukijipimia kumi.

Kwenye suala la hosteli hatukukubaliana, na sikutaka tujifanye tumekubaliana. Wapo kati yenu ambao chumba cha kupangisha wanafunzi ndicho kinacholipa ada za watoto wenu. Mliogopa kwamba hosteli nyingi ndani ya chuo zitaacha vyumba tupu, na mwenye steshenari na mwenye kibanda cha chipsi watafunga. Wengine mlisema vyumba vimejaa hadi vyoo vinafurika, na usiku kelele hazivumiliki. Tulipowauliza wanafunzi wenyewe, jambo la kwanza walilotaja ni taa kwenye njia ya kutoka maktaba, la pili maji, la tatu kodi inayopanda kila muhula. Binti mmoja alisema anakimbia kila usiku kuanzia geti la chuo hadi kwenye mlango wa geto lake, na akatuonyesha kwa kidole sehemu tatu zenye giza. Maoni yote haya tuliyapeleka kama yalivyo, kila kundi kwa maneno yake. Tuliongeza pendekezo moja lililoungwa mkono na pande zote mbili: hosteli zijengwe kwa awamu, na chuo kitangaze idadi ya vitanda mapema, ili mwenye nyumba asikope kuongeza vyumba ambavyo havitapata mpangaji.

Kuhusu mipaka, bado kuna maumivu. Zile bikoni, yaani alama za mpaka, zilizowekwa upande wa magharibi bila wenye mashamba kuwepo hazijatolewa maelezo hadi leo. Kamati inashikilia msimamo wa mkutano wenu: hakuna anayepinga chuo kukua, lakini atakayeguswa alipwe kwa sheria. Fidia kamili haiishii kwenye nyumba na miembe. Kuna thamani ya ardhi yenyewe, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida inayopotea kwa mwenye biashara. Ikipita miezi sita bila kulipwa, inadai riba. Tafadhali msisaini karatasi yoyote ya uthamini msiyosomewa. Njooni ofisini, tutaisoma pamoja.

Kabla ya kupeleka maoni chuoni, tuliyarudisha kwenu. Yalisomwa yote kwa sauti pale chini ya mwembe, kwa jioni mbili. Baadhi yenu mliona ni kupoteza muda. Mimi naona jioni zile mbili zilikuwa na thamani kuliko vikao vyote vya mwaka, kwani nilimwona mama wa beseni akitikisa kichwa kukubali aliposikia maneno yake mwenyewe yakisomwa mbele ya afisa mipango miji wa halmashauri.

Majibu tuliyopata hadi sasa ni haya. Njia ya ziwani imechorwa kwenye rasimu mpya, upana wa kupita mkokoteni. Jengo la mikutano limesogezwa juu. Kuhusu korongo, chuo kimekubali kufanya upimaji wa maji ya mvua, ila hakijakubali kwamba kazi hiyo itangulie hosteli, na hapo hatujamaliza nao. Taa za njiani wanasema ni za halmashauri. Halmashauri inasema ndani ya uzio ni za chuo. Kati ya majibu hayo mawili binti yule bado anakimbia. Bikoni: hakuna jibu. Tumeomba pia rasimu ioanishwe na Mpango Kabambe wa Jiji wa 2015 hadi 2035, kwani barabara ya jiji na barabara ya chuo zinaelekea kukutana kwenye uwanja wa shule ya msingi.

Mengine kwa haraka. Ulinzi shirikishi umeendelea bila kukatika, ahsanteni vijana. Gari la taka limekuwa la kusuasua, tumelalamika mara mbili kwa maandishi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu. Ulizeni kila mtakaloona halieleweki. Tumewapoteza wazee wawili mwaka huu, na wote wawili walikuwa wamesema maoni yao kwenye daftari. Familia zao zimepewa nakala.

Rasimu ya mwisho italetwa kwenye ofisi ya mtaa mwezi ujao na itakaa hapo wiki mbili. Tunahitaji watu wa kukaa nayo kwa zamu, ofisini na mwaloni, asubuhi na jioni, wakiwaeleza wenzao na kuandika. Daftari la majina liko kwa katibu, na zamu ya saa kumi na mbili asubuhi mwaloni bado haina mtu wa pili. Nafasi ya kwanza nimeichukua mimi.