Saratani haikandwi kwa maji ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme jambo kuhusu habari yenu ya Jumanne iliyopita, ile ya watafiti wa ng'ambo wanaotibu saratani kwa joto. Habari yenyewe haikuwa ya uongo. Lakini kichwa chake kilisema joto linaua saratani, kikaishia hapo, na mimi nimeshamzika mtu aliyeamini maneno kama hayo.

Ni shangazi yangu, tumbo moja na marehemu baba. Alikuwa akiishi Mbagala Kizuiani, anauza uji na maandazi barazani kwake. Alipata kivimbe kwenye titi la kushoto, kidogo kama kunde, akanyamaza. Jirani mmoja akamwambia amesikia kwamba saratani haistahimili joto. Sisi kukanda tumekuzoea: mzazi anakandwa, aliyeteguka anakandwa. Basi kila usiku, wajukuu wakishalala, alikuwa anakaanga chumvi ya mawe, anaifunga kwenye kipande cha kanga na kujikanda mpaka ipoe. Alifanya hivyo miezi saba bila kumwambia mtu. Siku niliyomkuta anabadili nguo, ngozi ya titi ilikuwa nyeusi, imebabuka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji, na kile kivimbe kimekuwa kama limau. Aliniambia, "Mwanangu, si ninyi wenyewe wa hospitali mnasema joto linaiua?" Tulimzika Februari.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, mwaka wa 19 sasa. Kazi yangu kubwa ni joto: mashine za kutakasia vyombo vya upasuaji, vitanda vya joto vya watoto njiti, friji za chanjo. Najua digrii moja inaweza kufanya nini. Ndiyo maana naomba wasomaji waelezwe joto hilo la watafiti ni la namna gani.

Joto la matibabu haya linaanzia nyuzi 40 hivi na mara nyingi halizidi 43, nalo linatakiwa lifike ndani kabisa, kwenye uvimbe wenyewe. Mishipa ya damu ya uvimbe wa saratani imejisokota ovyo, haiwezi kuondoa joto haraka kama nyama yenye afya inavyofanya. Seli zilizopata joto hilo hushindwa kujikarabati zikipigwa mionzi, na damu inayoongezeka huleta oksijeni ambayo huipa mionzi nguvu. Sasa angalieni mashine inavyofanya kazi. Mgonjwa huzungushiwa antena zinazopeleka mawimbi ya redio mpaka ndani ya nyonga, na kati ya antena na ngozi kuna mifuko ya maji yanayozunguka ili kuipoza ngozi. Vipimajoto vyembamba kama uzi huwekwa karibu na uvimbe, vinasomwa muda wote. Mashine inapoza ngozi na kupasha ndani. Chumvi ya shangazi ilichoma ngozi, na huko ndani uvimbe haukupata kitu.

Kuna hesabu moja ambayo mafundi tunaiheshimu sana. Ukishafika nyuzi 43, kila digrii moja inayoongezeka hupunguza kwa nusu muda wa kuleta madhara yale yale. Kinachochukua dakika 60 kwenye nyuzi 43 kitachukua 30 kwenye 44, na 15 kwenye 45. Nani atapima hayo kwa kiganja cha mkono?

Na joto hilo halikuja kuchukua nafasi ya hospitali. Mwaka 2000 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 358 wenye saratani za viungo vya ndani ya nyonga. Wenye saratani ya mlango wa kizazi waliopata mionzi peke yake, baada ya miaka 3 walikuwa hai 27 katika kila 100. Waliopata mionzi pamoja na joto walikuwa hai 51. Nilipoisoma tofauti hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Lakini someni tena: mionzi pamoja na joto.

Habari yenu iligusia pia dawa inayofunguka kwa joto, mkaipita haraka, nami naona ndiyo iliyostahili maelezo. Kila mtu wa Dar es Salaam anajua mafuta ya nazi hapa ni maji, ila ukiyapeleka Njombe mwezi wa Julai yanaganda kwenye chupa. Watafiti wametumia tabia hiyo hiyo ya mafuta. Wanatengeneza vipovu vya mafuta vidogo mno, viitwavyo liposomu, ambavyo mamia yake yanaenea kwenye upana wa unywele mmoja. Ndani wanafungia dawa, kwa mfano doksorubisini, ile nyekundu inayonyonyoa nywele na inayoweza kuuchosha moyo. Kwenye joto la kawaida la mwili ganda limefungwa. Likifika mahali palipopashwa nyuzi 41 au 42, linalegea na dawa inamwagika hapo hapo kwenye uvimbe. Ni wazo zuri, nalipenda kwa moyo wote. Hata hivyo, lilipojaribiwa kwa wagonjwa 701 wa saratani ya ini, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 hayakufikia lengo. Watafiti wakaona waliochomwa uvimbe kwa joto kwa dakika 45 au zaidi kama walikwenda vizuri, wakajenga jaribio jingine juu ya dakika hizo. Mwaka 2020 nalo likaonekana halina dalili ya kufaulu. Kazi inaendelea, na inastahili kuendelea. Ila mgonjwa wa Mbagala asiambiwe imeshakuwa tiba.

Mhariri, kuna joto ambalo tayari tunalo hapa nchini, na hilo sikuliona kwenye habari yenu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kabla haijawa saratani, muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, anasubiri dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kuichoma sehemu hiyo kwa kifaa chenye ncha ya nyuzi 100, kwa sekunde 20 hadi 30. Kifaa kinashikika mkononi na kinatumia betri. Zamani sehemu hiyo tuliigandisha kwa gesi ya mtungi, na mtungi ukiisha huduma inasimama.

Mwaka jana niliitwa kituo kimoja cha afya kutengeneza mashine nyingine kabisa. Kwenye kabati nikaona kifaa hicho, bado kina nailoni yake. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa bila kuchajiwa. Muuguzi akaniambia wanawake wanaoonekana na weupe wanaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, na wengi hawafiki, maana nauli na siku nzima ya biashara vinawashinda. Nilitafuta betri, nikaifunga, nikaweka waya wa kipimajoto kwenye ncha. Nilisubiri nikiangalia namba: 62, 88, 97, 100. Ikatulia hapo. Muuguzi alipiga makofi.

Nawaomba basi, mkiandika tena juu ya joto na saratani, wekeni nyuzi ngapi, dakika ngapi, na limetolewa pamoja na tiba gani. Na waganga wakuu wa wilaya wafungue makabati, wawaite mafundi. Vijana wanaosomea vifaa tiba pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wapo, na betri inapatikana.

Binti wa shangazi ana miaka 36. Hajawahi kupimwa titi wala mlango wa kizazi. Alikuwa akiogopa, na baada ya msiba akaogopa zaidi. Jana usiku amenipigia simu mwenyewe. Alhamisi nimeomba ruhusa kazini, tunakwenda naye hospitali ya saratani ya Ocean Road asubuhi.

Fundi wa vifaa tiba,
Mbagala, Dar es Salaam